Chama la Wana, almasi na dhahabu

Mwanzoni mwa Juni 2019 almasi na dhahabu zilikutana uwanjani. Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi wilayani Kishapu, ilikuwa imemaliza Ligi Kuu ikiwa pabaya kwenye msimamo na kulazimika kucheza mtoano ili isishuke. Geita Gold, iliyokuwa Ligi Daraja la Kwanza, ilikuwa inautaka mlango ule ule. Mwadui ikasalimika, Geita ikarudi kujipanga. Miaka miwili baadaye mambo yakageuka: katika msimu mmoja wa 2020/21, Mwadui ikashuka na Geita ikapanda.

Kati ya 2014 na 2021, Shinyanga na Geita zilipeleka Ligi Kuu timu tatu: Stand United, Mwadui na Geita Gold. Kwa mikoa isiyo na jiji hata moja, hayo ni mafanikio makubwa, na wakazi wake wana haki ya kujivunia. Lakini zote tatu zimeshuka, na hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, hakuna hata moja iliyokuwa imerudi. Hapa ndipo panapotoka almasi ya nchi hii tangu 1940, na hapa ndipo ulipo mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita. Fedha zimepita, tena nyingi. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba zilielekezwa kwenye timu moja moja, tena za juu, huku ligi za wilaya, viwanja vya kata na vyama vya soka vinavyobeba mzigo wote huo vikiachwa vijitegemee.

Ushindani wa makundi haukuletwa Usukumani na mpira. Tangu karne ya 19 Wasukuma walikuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, kila kimoja na manju (kiongozi wa ngoma) wake, dawa zake na wafuasi wake. Baada ya mavuno, pande hizo mbili zilipiga ngoma kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Umati wenyewe ndio ulioamua. Wachezaji walifanya mazoezi kwa miezi, walitunga nyimbo za kuwakejeli wapinzani, na walisafiri kwa miguu kwenda kushindana vijiji vya mbali. Huko walipokelewa, wakalishwa na wafuasi wenzao wa chama kile kile. Kwa hiyo mpira ulipofika, ulikuta watu wanaojua kuwa mwanachama ni nini, na wanaojua kuchangia safari ya timu kwa kuku, kwa debe la mahindi au kwa fedha.

Migodi nayo ilileta mpira wa namna yake. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa ukubwa kuanzia 1936 hadi 1966. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga, na kuzunguka shimo lile ukajengwa mji kamili ndani ya uzio: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, uwanja wa ndege. Mgodi uliokusanya maelfu ya vijana kutoka kila kona ulihitaji pia kuwapa kitu cha kufanya Jumapili. Uwanja wa Mwadui Complex una asili hiyo. Ni uwanja wa kampuni, uliowekwa ndani ya maisha ya kampuni, na timu yake ilikua ikijua kwamba basi, jezi na posho vinatoka mahali pamoja.

Huo ulikuwa mfumo wa nchi nzima. Wasomaji wa umri wangu wanazikumbuka Pamba ya Mwanza, RTC Kagera, Ushirika ya Moshi, Reli ya Morogoro, CDA ya Dodoma na Bandari ya Mtwara. Majina yenyewe yanataja mwajiri. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufilisika, nyingi kati ya timu hizo zilikufa au zikadhoofika kwa miaka mingi. Pamba, iliyokuwa fahari ya Kanda ya Ziwa nzima, ilirudi Ligi Kuu 2024 baada ya zaidi ya miongo miwili nje, safari hii ikiwa Pamba Jiji, mikononi mwa halmashauri.

Stand United haikutoka kwa mwajiri yeyote. Ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye stendi ya mabasi ya Shinyanga, na waasisi wake walikuwa madereva, makondakta, wapiga debe na wafanyabiashara wadogo wa pale pale. Mashabiki wanaiita Chama la Wana, na jina hilo linaieleza vizuri: ni chama cha watoto wa mjini, waliochanga wenyewe. Timu ya aina hiyo huanzia chini kabisa. Inasajiliwa kwenye chama cha soka cha wilaya, inacheza ligi ya wilaya, inapanda ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa anakwenda kukutana na mabingwa wenzake wa mikoa mingine kugombea daraja la juu. Kila hatua ina ada yake, ina rufaa zake, na ina safari ndefu kuliko ile iliyotangulia.

Msimamizi wa hatua hizo za mwanzo ni chama cha mkoa, SHIREFA kwa Shinyanga, na hapa naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ni kazi isiyoandikwa magazetini. Mechi za ligi ya mkoa ni hivi. Mistari ya uwanja imechorwa kwa chokaa asubuhi ile ile, na upepo wa Julai, ambao Shinyanga huja na vumbi jekundu, umeshaifuta nusu kabla ya kipindi cha pili. Kamisaa amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichoazimwa duka la jirani, mapajani ana leseni za wachezaji, na kabla ya mpira kuanza anaita jina moja moja, anatazama picha, anatazama uso. Anatafuta mamluki: mchezaji aliyesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au aliyekodiwa Kahama kwa mechi moja. Timu iliyofungwa itakata rufaa, hilo ni karibu lazima, na rufaa itasikilizwa na watu wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea, jioni, baada ya shughuli zao. Waamuzi wanasubiri posho. Mapato ya siku ile hayafikii nauli yao.

Hapo ndipo mpira wa nchi unapotengenezwa. Mchezaji anayeonekana kwenye televisheni akiwa na miaka 24 alipita mbele ya kamisaa kama huyo akiwa na miaka 17, na kama hakupita, basi kuna aliyeachwa ambaye hatutamwona kamwe.

Msimu wa 2013/14 wa Daraja la Kwanza, Stand na Mwadui zilikuwa kundi moja, pamoja na vigogo wa zamani wa Mwanza, Pamba na Toto African. Stand ikaongoza kundi na kupanda. Mwadui ikafuata mwaka mmoja baadaye, ikiwa chini ya Jamhuri Kihwelo, Julio, kocha mwenye maneno mengi na timu yenye nidhamu. Hivyo kuanzia msimu wa 2015/16 hadi 2018/19, misimu minne mfululizo, mkoa wa Shinyanga ulikuwa na timu mbili Ligi Kuu kwa wakati mmoja. Mikoa mingapi nje ya Dar es Salaam imewahi kufika hapo na kudumu? Ni michache mno.

Miaka hiyo ilikuwa mizuri, na inastahili kusimuliwa kwa furaha iliyokuwapo. Uwanja wa CCM Kambarage ulikuwa ukijaa saa nyingi kabla ya mechi Simba au Yanga zinapokuja. Mabasi kutoka Kahama, Maswa, Bariadi na Nzega yalishusha watu mlangoni. Upande wa mzunguko, wapiga debe wenyewe walikuwa wakiongoza shangwe kwa sauti zile zile wanazoitia abiria, na mgeni aliyezoea ngoma na tarumbeta za Dar es Salaam alisikia kitu kingine kabisa. Aprili 2016 Mwadui ilifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na kutolewa na Azam. Septemba 2016 Yanga, iliyokuwa bingwa mtetezi, ilikuja Kambarage ikafungwa bao 1-0, bao la Pastory Athanas. Stand wakati huo ilikuwa ikifundishwa na Mfaransa Patrick Liewig, aliyewahi kuinoa Simba, na kwa wiki kadhaa timu ya stendi ya mabasi ilikuwa miongoni mwa zinazotajwa kuwania ubingwa.

Lakini nyuma ya ushindi ule klabu ilikuwa imeshapasuka. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi upande wa Kahama, iliingia udhamini na Stand. Ulikuwa udhamini mkubwa ambao klabu za mikoani hazikuwa zimeuzoea. Haukupita muda mrefu swali likaibuka: fedha hizi ni za nani? Wapo waliotaka klabu iendeshwe kama kampuni, na wapo waliosema klabu ni ya wanachama na itabaki ya wanachama. Kukawa na pande mbili, kila upande ukidai kuwa ndiyo Stand halali. Shirikisho la soka, TFF, likaingilia, uchaguzi ukafanyika, na mwaka huo huo wa 2016 mdhamini akajitoa.

Sioni sababu ya kuulaumu upande mmoja. Wale wa kampuni walikuwa na hoja: mdhamini anataka hesabu zinazosomeka na viongozi wanaowajibika. Wale wa wanachama walikuwa na hoja pia: timu ilijengwa kwa michango yao wakati hakuna mgodi wowote uliojua kuwa ipo. Kilichokosekana ni katiba iliyoandaliwa kabla fedha hazijaja, iliyosema wazi nani anasaini, nani anamiliki nembo, na mapato ya mlangoni yanahesabiwa na nani. Chama cha mkoa kingeweza kuisaidia klabu changa kwa hilo, kama nacho kingekuwa na mwanasheria na ofisi yenye mtu anayelipwa. Vyama vya mikoa vyenyewe, kwa desturi, huishi kwa ada za klabu na kwa fungu lao la mapato ya mlangoni. Simba na Yanga zikija, kuna fedha. Zisipokuja, hakuna.

Stand haikufa mara moja, na kwa hili mashabiki wake wanastahili sifa. Septemba 2018 ilikwenda Dar es Salaam ikafungwa na Yanga 4-3, na mabao yote matatu ya Stand yalifungwa na mtu mmoja, Mrundi Alex Kitenge. Januari 2019, Yanga ilipokuja Kambarage bila kupoteza mechi yoyote ya ligi msimu ule, Jacob Massawe akafunga bao pekee na rekodi hiyo ikaishia Shinyanga. Hata hivyo huo ulikuwa msimu mgumu kuliko yote kwa timu za mikoani. Ligi ilikuwa na timu 20, kila moja ikicheza mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu. Kutoka Shinyanga kwenda Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Kwenda Mbeya, Mtwara au Ruvuma ni safari ya siku nzima na zaidi, kwa basi, na wachezaji wanashuka miguu imevimba wakiwa na mechi kesho yake. Mei 2019 Stand ikashuka pamoja na African Lyon.

Mwadui ilibaki peke yake. Oktoba 2019 ikawafunga Simba pale Kambarage 1-0, bao la Gerald Mdamu, na likawa pigo la kwanza kwa Simba msimu ule. Kisha likaja pigo la mgodi. Aprili 2020 kampuni ya Petra, iliyokuwa ikiendesha Mwadui kwa ubia na serikali, ilisimamisha uchimbaji kwa sababu ya ugonjwa wa korona na kuporomoka kwa soko la almasi. Shughuli hazikurudi hadi mwaka uliofuata. Msimu wa 2020/21 ulichezwa katikati ya ukimya huo, na Mwadui ilishika mkia kati ya timu 18. Mgodi ulirudi kazini baadaye. Timu haijarudi Ligi Kuu.

Kinachouma zaidi ni wakati wenyewe. Mei 2021, Mwadui ikiwa inahesabu mechi zake za mwisho, TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kwa mara ya kwanza timu ya mkoani ingeweza kupanga bajeti ikijua kiasi kitakachoingia. Stand na Mwadui zilikuwa zimevumilia miaka ya ukame, na mvua ilipoanza kunyesha zote mbili zilikuwa nje.

Aliyeikuta mvua ni Geita.

Mkoa wa Geita ni mtoto wa 2012. Ulipoundwa mwezi Machi mwaka ule, uliichukua Geita yenyewe kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera, na Bukombe kutoka Shinyanga, wakati upande wa mashariki Bariadi, Maswa na Meatu zikitoka Shinyanga kwenda kuunda Simiyu. Wanasiasa walizungumzia majengo ya serikali na barabara. Kwa watu wa mpira, maana yake ilikuwa kwamba SHIREFA imepoteza wilaya nzima nzima kwa wakati mmoja, pamoja na klabu, waamuzi na wapiga kura wake, na kwamba Geita inaanza chama cha mkoa ikiwa haina hata kabati la mafaili. Waamuzi waliozoea kupangiwa mechi kutoka Mwanza au Shinyanga sasa walihesabika kuwa wa mkoa mwingine. Mkoa mpya ulikuwa na wilaya tano, Geita, Bukombe, Chato, Mbogwe na Nyang'hwale, na katika kila moja kulikuwa na timu ambazo hazijawahi kukutana kwa pointi.

Vijana, hata hivyo, hawakuwa tatizo. Nyarugusu, Mgusu, Katoro na machimbo mengine yamejaa wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, na popote palipo na maduara (mashimo ya kuchimba) na makarasha (mitambo ya kusaga mawe), jioni pana mpira. Mwenye duara akipata, ananunua jezi. Ligi za ng'ombe, ambapo bingwa anaondoka na mnyama hai anayechinjwa usiku ule ule, zinavuta watu kuliko ligi rasmi. Udhaifu wa mpira huo ni kwamba unahama na dhahabu: rashi ikitokea kwingine, nusu ya kikosi inabeba mabegi usiku na asubuhi timu haipo.

Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji, ilianza kwa kishindo na kwa fedheha. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi lake la Daraja la Kwanza, yenyewe na Polisi Tabora zilikuwa zinafukuzana kwa karibu na mabao ndiyo yangeamua. Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora, saa ile ile, ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Nchi nzima ikashangaa. TFF ikachunguza, ikatia timu zote nne hatiani kwa kupanga matokeo na kuzishusha madaraja, na nafasi ya kupanda ikaangukia Mbao ya Mwanza. Mbao mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuibana Simba hadi dakika za nyongeza. Ile ndiyo timu iliyokuwa ikinyimwa haki yake na mabao 15 ya jioni moja.

Naliandika hili bila kusita kwa sababu kilichofuata ni cha kupongezwa. Geita ilikubali kurudi chini, ikapanda tena hatua kwa hatua, ikashindwa mtoano wa 2019 dhidi ya Mwadui, ikarudi, na 2021 ikapanda ikiwa kinara wa kundi lake. Mgodi wa Geita, ulio chini ya AngloGold Ashanti, ukawa mdhamini wake. Msimu wa kwanza Ligi Kuu, 2021/22, ikiwa chini ya Fred Felix Minziro, ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimpiku Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Juni 2022 Mpole huyo akaifungia Taifa Stars dhidi ya Niger, kisha akaenda kucheza Lubumbashi, Lupopo, kabla ya kurudi Kanda ya Ziwa kuichezea Pamba Jiji.

Nafasi ya nne iliipa Geita tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu yenye mwaka mmoja Ligi Kuu ilikutana na Hilal Alsahil ya Sudan na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Lakini mechi ya nyumbani ilichezwa mbali na Geita, kwa kuwa Geita haikuwa na uwanja unaokubalika kimataifa. Uwanja wake wa kila siku ulikuwa Nyankumbu, uwanja wa shule, na hata mechi kadhaa za ligi ilibidi zipelekwe CCM Kirumba, Mwanza. Hapo shabiki wa Geita alipaswa kutoka asubuhi, kupanga foleni ya kivuko Busisi, kuvuka ghuba hadi Kigongo, kuendelea hadi mjini, na baada ya mechi kukimbilia kivuko cha kurudi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Wakati huo Geita ilikuwa imeshashuka mwaka mzima nyuma, mwisho wa msimu wa 2023/24, pamoja na Mtibwa Sugar. Msimu ule ule Geita Gold Queens walikuwa wakicheza Ligi Kuu ya Wanawake, jambo ambalo halikuandikwa hata robo ya lilivyostahili.

Nikitafuta mfano wa nje, naangalia kwanza Zambia. Watanzania wa rika fulani hawataisahau Mufulira Wanderers, iliyokuja Dar es Salaam 1979 ikaifunga Simba 4-0, halafu Simba ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Wanderers ilikuwa timu ya mgodi wa shaba. Migodi ya serikali ya Zambia ilipouzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi wengi hawakuwa tayari kubeba klabu za mpira, na Wanderers ile iliyotisha Afrika ikawa ya kupanda na kushuka. Lubumbashi ni hadithi nyingine. TP Mazembe ipo katikati ya shaba ya Katanga, lakini Moïse Katumbi alijenga uwanja wa klabu, uliofunguliwa 2011, na mwaka uliofuata chuo cha vijana. Bei ya shaba imepanda na kushuka mara kadhaa tangu hapo, na vitu hivyo viwili havikuondoka. Mbwana Samatta alipita katika klabu hiyo kwenda Ulaya.

Msimu wa 2024/25 wa Ligi ya Championship, ile iliyokuwa Daraja la Kwanza, ulizirudisha timu za ukanda huu kwenye mizani. Mtibwa Sugar na Mbeya City zilipanda moja kwa moja, Stand United ikawa ya tatu na Geita Gold ya nne. Kanuni ikazikutanisha kwa mtoano. Stand, ambayo tangu 2019 ilikuwa ikihangaika madaraja ya chini bila mgodi wala shirika nyuma yake, iliitoa Geita. Kisha ikakutana na Fountain Gate kugombea nafasi ya Ligi Kuu, na hapo nguvu zikaisha. Lakini tuangalie nani alifika mbali zaidi. Mwadui, timu ya kampuni, ilishuka mgodi ukiwa umesimama na haijarudi. Stand, timu ya michango, iliyopitia mgawanyiko, kuondokewa na mdhamini na kushuka, ilibaki na watu wake, na watu hao ndio walioirudisha hadi mlangoni.

Kwa hiyo sisemi migodi ijitoe kwenye mpira. Nasema ibadilishe inakoweka fedha. Sheria ya Madini ya 2010, kama ilivyorekebishwa 2017, inamtaka mwenye leseni ya mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Geita imeshatumia fedha hizo kwa shule, zahanati, barabara, na pia kwa ujenzi wa uwanja mpya eneo la Magogo, hatua ambayo ingekuja miaka mitatu mapema huenda mashabiki wa Geita wangeiona timu yao ikicheza mechi ya Afrika mbele ya macho yao. Mpango wa mwaka hujadiliwa na madiwani na wataalamu wa halmashauri. Chama cha soka cha mkoa kiitwe kwenye kikao hicho, kikiwa na orodha ya viwanja vya kata na makadirio ya gharama ya msimu wa ligi ya wilaya: posho za waamuzi, mipira, leseni, usafiri wa timu za mbali. Hizo ni fedha ndogo sana kando ya mshahara wa kocha mmoja wa kigeni, na mgodi ukifungwa, kama Buzwagi ilivyofungwa 2021, uwanja wa kata hauondoki na mitambo.

Vyama navyo vina deni lao. Hesabu zibandikwe ukutani, uchaguzi ufanyike kwa wakati, na kila klabu inayosajiliwa ipewe katiba ya mfano inayotenganisha mali ya wanachama na fedha za mdhamini, ili kijana anayeanzisha timu leo kwenye stendi ya Kahama au ya Katoro asije akaipoteza siku mdhamini atakapobisha hodi. Na kwa viwanja, mimi ningeanza na Maganzo, jirani kabisa na Mwadui, halafu Mwakitolyo, Nyarugusu na Mgusu. Timu zipo, wachezaji wapo, na kamisaa tayari ana daftari lake.